Je, Baridi Inapunguza Mwili? Mdahalo wa Kiseke

Mwezi wa saba, Kiseke huamka na koti. Kata hii ya Manispaa ya Ilemela, kwenye vilima vya mawe vya jiji la Mwanza, iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mchana jua huwaka hadi nyuzi 28, lakini alfajiri za kiangazi kipimajoto huteremka hadi nyuzi 15 au 16. Bodaboda huvaa kofia za sufu chini ya helmeti. Watoto wa shule hutembea wameficha viganja ndani ya mikono ya sweta. Na Jumapili, jua likiwa bado halijapanda, vikundi vya jogging hupita vikiimba, vinateremka na kupanda vilima, hadi vinakomea panapofahamika: kwenye supu.

Hapo ndipo penye ubishi. Mmoja anasema asubuhi ya baridi inakata kitambi haraka kuliko mchana wa jua, kwa kuwa mwili unaunguza chakula ili ujipashe joto. Mwingine anasema huo ni uvivu uliovalishwa koti la sayansi. Wa tatu anaagiza chapati ya pili.

Mdahalo huu umewekwa kwenye benchi za kibanda kimoja cha supu, kwa utaratibu wa midahalo ya shule za sekondari. Wazungumzaji ni wa kubuni, watu wa aina inayopatikana Kiseke siku yoyote. Tafiti na takwimu zinazotajwa ni za kweli. Mwenyekiti ni mwalimu mkuu mstaafu, mama ambaye nusu ya waliopo aliwahi kuwafundisha na nusu nyingine aliwahi kuwachapa. Hoja aliyoitangaza ni hii: Baridi inapunguza mwili kuliko jasho.

Kocha wa jogging anafungua upande wa kuunga mkono.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, mtunza muda, na ndugu zangu mnaomung'unya makongoro, naunga mkono hoja. Mwili wa binadamu unalinda nyuzi 37, mvua inyeshe, jua liwake. Joto hilo halitoki mbinguni, linatoka kwenye chakula. Mwili ni jiko la mkaa: upepo ukizidi, mkaa unakwisha mapema. Na mkaa wenyewe, wazee wangu, ni hayo mafuta mliyoyafunga kiunoni."

Kocha ana historia upande wake. Kuelekea mwaka 1790, mkemia Mfaransa Antoine Lavoisier na mwenzake Armand Seguin walipima oksijeni anayoitumia mtu aliyepumzika, wakaona kwamba chumba kikiwa baridi mtu huyo anatumia nyingi zaidi. Oksijeni ikitumika zaidi, chakula kinaungua zaidi. Kwa zaidi ya miaka 200 hakuna aliyelipinga hilo.

Silaha yake kubwa, hata hivyo, ni mpya. Mafuta mengi ya mwili wa binadamu ni meupe, na kazi yake ni kuhifadhi. Yako mengine ya rangi ya kahawia, na kazi yake ni kuungua. Rangi hiyo inatokana na wingi wa mitokondria, vinu vidogo vya nishati ndani ya seli, ambavyo vina madini ya chuma. Ndani ya mafuta hayo kuna protini inayoifanya nishati ya chakula itoke moja kwa moja kama joto, bila msuli wowote kusogea. Ilijulikana zamani kwamba watoto wachanga wanayo. Wataalamu wengi waliamini kwamba mtu akikua yanakwisha.

Mwaka 2009 imani hiyo ilivunjika. Jarida la tiba la New England la Marekani lilichapisha katika toleo moja tafiti tatu, kutoka Boston, kutoka Maastricht huko Uholanzi na kutoka Turku huko Ufini, zote zikionyesha mafuta ya kahawia yaliyo hai kwa watu wazima, hasa shingoni na juu ya mitulinga. Huko Maastricht vijana wa kiume 24 waliwekwa kwenye baridi ya nyuzi 16. Mashine za kupiga picha zilionyesha mafuta hayo yakifanya kazi kwa 23 kati yao.

"Nyuzi 16!" kocha anapaza sauti. "Hiyo ni Kiseke ya saa kumi na mbili asubuhi! Na Sapporo, Japani, mwaka 2013, vijana walikaa kwenye nyuzi 17 kwa saa mbili kila siku, wiki sita mfululizo. Mafuta yao ya kahawia yaliamka, na mafuta ya mwili yakapungua. Hawakukimbia hata hatua moja. Mheshimiwa, naomba kuketi."

Makofi yanapigwa na wale ambao hawakuwahi mazoezini.

Upande wa kupinga unaongozwa na mwalimu wa fizikia, kijana mwembamba ambaye simu yake imefunguliwa kwenye kikokotoo kabla hajaitwa.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, kaka yangu kocha amesema kweli tupu, kisha amejengea juu yake nyumba isiyo na msingi. Aniambie kwanza: baridi ipi? Mtu asiye na nguo, aliyetulia, huhitaji hewa ya nyuzi 28 hadi 30 hivi ili mwili wake usilazimike kuongeza joto. Hiyo ndiyo Kiseke ya mchana. Alfajiri ni baridi, nakubali, lakini nani anayeipokea hiyo baridi? Nyote mmevaa trakisuti na sweta. Na mnakimbia! Msuli unaofanya kazi hugeuza takriban robo tu ya nishati yake kuwa mwendo, iliyobaki yote ni joto. Mkimbiaji anahangaika kulitoa joto nje, kwa hiyo baridi ya asubuhi inamsaidia kupoa. Kalori zake zinaungua kwa miguu."

Kocha anasimama. "Taarifa, Mheshimiwa! Mimi baada ya kukimbia naoga maji ya bomba, na nakunywa maji ya friji lita mbili kwa siku."

"Taarifa naipokea kwa furaha," mwalimu anajibu, na kidole chake tayari kiko kwenye simu.

Hesabu yenyewe ni ya kidato cha pili. Kalori moja ya chakula, ile inayoandikwa kwenye pakiti, ni kiasi cha joto kinachopandisha kilo moja ya maji kwa nyuzi moja. Nusu lita ya maji ya friji yenye nyuzi 4 inapoingia tumboni, mwili unapaswa kuyapandisha nyuzi 33 hadi yafike 37. Nusu mara 33 ni kalori 16.5. Kijiko kimoja cha chai cha sukari kina kiasi hichohicho. Kilo moja ya mafuta ya mwili inabeba takriban kalori 7,700. Ili kuiyeyusha kwa maji ya friji peke yake, mtu atakunywa zaidi ya lita 230, na hapo asiongeze hata punje moja ya chakula. Anayekunywa chai yenye vijiko vitatu vya sukari baada ya kuoga maji ya baridi amekwisha kurudisha alichokiunguza.

"Na hayo mafuta ya kahawia?" anauliza mtunza muda, ambaye kwa kanuni hapaswi kuuliza.

Mwalimu anataja chumba kimoja huko Bethesda, Marekani, katika hospitali ya utafiti ya Taasisi za Taifa za Afya. Vijana watano walikubali kulala humo kwa miezi minne, matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Mwezi wa kwanza chumba kiliwekwa nyuzi 24, wa pili 19, wa tatu 24 tena, wa nne 27. Mchana walikwenda kazini kama kawaida. Baada ya mwezi wa nyuzi 19, ujazo wa mafuta yao ya kahawia ulikuwa umeongezeka kwa asilimia 42. Baada ya mwezi wa nyuzi 27, ongezeko lote lilikuwa limefutika. Na mizani? Haikusogea kwa kiasi cha kutajwa.

"Lakini insulini ilifanya kazi vizuri zaidi," kocha anapachika. "Sukari ya damu ilishughulikiwa vizuri. Hilo umeliruka makusudi."

"Sikuliruka, nalikubali. Huenda siku moja baridi ikawasaidia wagonjwa wa kisukari, na wanasayansi wanalifuatilia. Hoja yetu leo ni kupunguza mwili. Na utafiti wako wa Maastricht una sehemu ambayo hukuisoma: wanaume wenye uzito uliozidi walikuwa na mafuta ya kahawia yenye kazi ndogo kuliko wembamba. Yule mwenye kitambi, unayemwambia aende akakae kwenye baridi, ndiye mwenye jiko dogo kuliko wote."

Mwenyekiti anagonga meza kwa kijiko. Kuna mkono uliokuwa umeinuliwa kwa muda mrefu nyuma kabisa: mzee mvuvi kutoka mwalo wa Igombe, aliyekuja Kiseke kumjulia hali binti yake.

"Wanangu, shikamoo hamtoi, basi habari zenu. Baridi ya vitabuni nimeisikia. Sasa sikilizeni ya majini. Sisi tunavua dagaa usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, kwa taa. Tunaingia jioni, tunatoka asubuhi. Upepo wa ziwa unakupiga ukiwa umelowa kuanzia shingo hadi nyayo, na nyavu unazivuta. Saa tisa usiku meno yanagongana yenyewe, hujayaamuru. Nitajieni mvuvi mmoja wa dagaa mwenye kitambi. Mmoja tu."

Kicheko kinazunguka benchi. Mvuvi ameigusa sehemu ambayo fizikia inamuunga mkono kabisa. Maji hupitisha joto takriban mara 25 zaidi ya hewa, ndiyo sababu hewa ya nyuzi 25 ni starehe na maji ya nyuzi 25, kama yalivyo ya Ziwa Viktoria kwa sehemu kubwa ya mwaka, humfanya mtu aliyekaa humo kwa muda mrefu aanze kutetemeka. Nguo iliyolowa ikipigwa na upepo nayo inaiba joto kwa kukauka juu ya ngozi. Na kutetemeka kwenyewe ni kazi nzito: misuli inajikaza na kujilegeza bila kubeba chochote, na mwili unaweza kuunguza hadi mara tano ya kile unachokitumia ukiwa umetulia. Mafuta ya kahawia hayawezi kushindana na kiwango hicho.

Kuna watu waliowahi kupimwa wakiishi maisha yanayokaribiana na ya mzee huyu. Ni wanawake wazamiaji wa Korea, waitwao haenyeo, ambao kwa vizazi vingi walizamia kuokota konokono wa baharini na mwani hata wakati wa majira ya baridi, maji yakiwa karibu nyuzi 10, wakiwa wamevaa nguo nyepesi za pamba. Katika miaka ya 1960 mwanafiziolojia Suk Ki Hong na wenzake waliona kwamba miili ya wanawake hao, hata ilipopumzika, iliunguza nishati kwa karibu theluthi moja zaidi katika majira ya baridi. Baada ya katikati ya miaka ya 1970 walianza kuvaa suti za mpira zinazozuia baridi. Ndani ya miaka michache ongezeko hilo lilitoweka.

"Basi hoja imepita!" kocha anaruka.

"Kaa chini," anasema mwenyekiti. "Hoja haipitishwi kwa kuruka."

Sauti iliyofuata haikuwa kwenye orodha. Ilitoka nyuma ya sufuria.

"Mwalimu, shikamoo. Naomba na mimi niseme, ingawa sijaandikwa." Mama lishe anafuta mikono kwenye kanga. "Mnabishana kinachotoka, hakuna anayeuliza kinachoingia. Mimi ndiye ninayekanda unga. Mwezi wa saba nakanda zaidi ya mwezi wa pili, na unakwisha mapema. Siku ya joto mtu anaomba bakuli moja na chapati moja, anapepea uso, anaondoka. Siku ya baridi anaomba mbili, anaongeza na ndizi, halafu ananiuliza kama ukoko umebaki. Na huyu baba wa Igombe asinitazame hivyo. Wavuvi wakitoka majini wanakula nini?"

Mzee anacheka mpaka anakohoa. "Mama, ugali wa mvuvi hauna kipimo."

Alichokisema mama lishe kilipimwa maabara. Katika Chuo Kikuu cha Florida, utafiti uliochapishwa mwaka 2005 uliwaweka wanaume 11 kwenye baiskeli ndani ya maji kwa dakika 45. Mara moja maji yalikuwa ya nyuzi 33, mara nyingine nyuzi 20. Nishati waliyoiunguza ilikuwa karibu sawa: wastani wa kalori 505 kwenye maji ya vuguvugu na 517 kwenye ya baridi. Kisha waliachiwa chakula wale wapendavyo. Walipotoka kwenye maji ya vuguvugu walikula wastani wa kalori 608. Walipotoka kwenye maji ya baridi walikula 877. Baridi iliwaongezea kalori 12 za kuunguza na 269 za kula.

Mwalimu wa fizikia anasimama taratibu, kama mtu aliyekabidhiwa penalti na golini hakuna kipa. "Mheshimiwa, kaka yangu alisema mwili ni jiko. Jiko hilo lina mpishi ndani yake. Mkaa ukipungua, mpishi anaagiza mwingine."

Wapo wanaotaka kujua mpishi huyo ana akili kiasi gani, na jibu moja zuri linatoka Tanzania penyewe, mashariki ya Mwanza, kwenye nyika zinazozunguka Ziwa Eyasi. Wahadzabe huwinda, huchimba mizizi na hurina asali, na kwa siku hutembea mbali kuliko mfanyakazi wa mjini. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walitangaza matokeo ya kupima nishati yote inayotumiwa na watu wazima 30 wa jamii hiyo kwa siku nzima, kwa njia ya kunywa maji yenye alama za kimaabara. Ukizingatia ukubwa wa miili yao, jumla ilikuwa sawa na ya watu wa Marekani na Ulaya wanaokaa ofisini. Pontzer anaeleza kwamba mwili unaotumia nishati nyingi upande mmoja huelekea kubana matumizi upande mwingine. Kama mwendo wa Wahadzabe unafidiwa namna hiyo, kuoga maji ya bomba kwa dakika tatu hakuwezi kutarajiwa kubadili kiuno cha suruali.

Mpaka hapa mdahalo ulikuwa na mzaha ndani yake. Aliyeubadilisha ni muuguzi, dada aliyetoka zamu ya usiku katika wodi ya watoto wachanga, ambaye alikuwa amekunywa chai yake kimya.

"Sista, unaunga mkono au unapinga?" mwenyekiti anamuuliza.

"Mwalimu, mimi naunga mkono kwamba baridi inaunguza kalori. Nimeona inavyoziunguza. Ndiyo maana nashangaa kuona watu wazima wanaitafuta."

Anaanza na waliomo kibandani. Baridi inapogusa ngozi, mishipa ya damu ya juu hujibana ili joto lisipotee, na njia ikiwa nyembamba presha hupanda. Kwa kijana mwenye afya hilo hupita. Lakini utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 4 nchini ana presha ya juu, na wengi hawajui. Mtu wa namna hiyo akijimwagia ndoo ya maji ya baridi kwa ghafla anaulizwa swali ambalo moyo wake unaweza kushindwa kulijibu. Kwa wale wanaokwenda kukaa ziwani ili wagande, anawakumbusha kwamba fukwe za Mwanza zina konokono wanaobeba vimelea vya kichocho, na vimelea hivyo huingia kupitia ngozi ya mtu aliyetulia majini. "Utatoka na kilo zako zote na ugonjwa juu yake."

"Na gongo?" anachokoza bodaboda mmoja. "Wavuvi wanasema inapasha joto."

"Inakudanganya. Pombe inafungua mishipa ya ngozi, damu ya moto inakuja juu, unahisi joto. Joto hilohilo linatoka nje. Mvuvi aliyekunywa anapoa haraka kuliko asiyekunywa."

Mzee wa Igombe anaitikia kwa kichwa na hasemi neno.

Kisha muuguzi anazungumzia kutetemeka kunakojulikana na kila nyumba ya kanda ya ziwa. Mgonjwa wa malaria hutetemeka chini ya blanketi mbili wakati mwili wake umechemka, kwa kuwa ubongo umepandisha kiwango cha joto unachokitaka, na misuli inatumwa kulitafuta joto hilo kana kwamba nje kuna barafu. Kila nyuzi moja ya homa huongeza matumizi ya nishati ya mwili uliopumzika kwa takriban asilimia 10 au zaidi. Mtu akitoka kitandani baada ya wiki ya homa suruali inamvuka. Ameunguza kalori nyingi kuliko mwanachama yeyote wa jogging, na hakuna anayempongeza.

"Sasa niwapeleke wodini," anasema.

Mtoto anazaliwa amelowa. Dakika moja nyuma alikuwa kwenye nyuzi 37, na sasa yuko kwenye chumba ambacho, kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, kinapaswa kisipungue nyuzi 25. Kwa mama yake chumba hicho ni joto. Kwake ni baridi kali, kwa sababu ngozi yake ni kubwa ukilinganisha na uzito wake na maji yaliyo juu yake yanakauka yakiondoka na joto. Hawezi kutetemeka kama mtu mzima. Tegemeo lake ni yale mafuta ya kahawia aliyoyasifu kocha, yaliyojipanga katikati ya mabega, shingoni na kuzunguka figo. Anayaunguza kwa kasi, na kuyaunguza kunahitaji oksijeni na sukari, vitu viwili ambavyo mtoto dhaifu hana vya ziada.

Mtoto njiti ana tatizo zaidi. Mafuta hayo hujengeka hasa katika wiki za mwisho za ujauzito, na yeye amezaliwa kabla hayajawekwa. Maziwa kidogo anayoweza kuyanywa, ambayo yangemwongezea uzito, yanaishia kupasha hewa ya chumba. Ndiyo maana muuguzi anayemkuta njiti haongezeki uzito hushika kwanza miguu yake kuona kama ni ya baridi.

Dawa ya jambo hili ilianza kutumika mwaka 1978 mjini Bogotá, Kolombia, katika hospitali iliyokuwa na vifaa vichache vya kupasha watoto joto. Daktari Edgar Rey Sanabria alipendekeza kifua cha mama kifanye kazi hiyo: mtoto afungwe ngozi kwa ngozi, wima, kati ya matiti, na afunikwe. Tanzania inaifahamu kama njia ya kangaruu. Swali lililobaki kwa miaka mingi lilikuwa wakati: je, mtoto dhaifu sana asubiri kwanza atulie kwenye mashine, au aanze kifuani mara moja?

Jibu lilitolewa mwaka 2021 na utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani katika nchi tano: Tanzania, Malawi, Ghana, Nijeria na India. Ulihusu watoto zaidi ya 3,200 waliozaliwa na uzito wa kati ya kilo 1 na chini kidogo ya 1.8. Kati ya waliosubiri kutulia kwanza, asilimia 15.7 walifariki ndani ya siku 28. Kati ya waliowekwa kifuani mara baada ya kuzaliwa, walifariki asilimia 12. Vifo vilipungua kwa robo, na watoto waliopoa kupita kiasi walikuwa wachache zaidi. Kifua hakikuleta joto peke yake, kilileta pia maziwa ya mama, uangalizi wa karibu na kinga dhidi ya maambukizi. Bado joto ni sehemu ya msingi: kalori ambazo mtoto hazitumii kupambana na baridi anazitumia kukua.

"Kwa hiyo, kaka kocha," muuguzi anamalizia, "wewe unatafuta baridi ili upungue. Mimi usiku kucha naifukuza ili mtu aongezeke gramu 20. Tunazungumzia kitu kimoja. Mwenye akiba mwilini, baridi inamletea njaa tu, anakula, mambo yamekwisha. Inamkondesha kweli yule asiye na akiba na asiyeweza kwenda kibandani kuongeza chapati."

Kocha anaomba nafasi ya mwisho na anapewa. Anakubali kufuta maneno "kuliko jasho". Anashikilia kwamba asubuhi ya baridi ina faida: mtu anakimbia muda mrefu bila kuzidiwa na joto, na anayekimbia muda mrefu anaunguza zaidi. Mwalimu wa fizikia hana pingamizi. "Hapo baridi ni rafiki wa miguu," anasema, "na miguu ndiyo inayolipwa."

Mwenyekiti anasimama kutoa uamuzi, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo hakuna mlio wa kijiko.

"Hoja imeshindwa. Upande wa kuunga mkono umethibitisha kwamba baridi inaunguza kalori, na hilo liandikwe. Haukuthibitisha kwamba inapunguza mwili wa mtu mwenye chakula, kwa sababu baridi inayovumilika inaunguza kidogo, na ile inayounguza sana inaleta njaa au hatari. Anayetaka kupungua akimbie asubuhi, atembee jioni, na apunguze sukari kwenye chai na chapati kwenye sahani. Mwenye umri mkubwa apime presha kabla ya kujimwagia maji ya baridi. Wenye vyombo vya uvuvi wawape vijana wao makoti ya kuzuia maji na nguo kavu za kubadilisha, na gongo ibaki nchi kavu. Na nyumba itakayopata mtoto njiti isikubali aogeshwe ndani ya saa 24 za kwanza. Avalishwe kofia na soksi, afungwe kifuani mwa mama, na mama akichoka apokee baba au bibi, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku."